Vipimo vya molekuli kwa mtoto mwenye upungufu wa damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mzazi akiambiwa kwamba damu ya mwanawe "inapelekwa kupimwa jeni", hofu inayomjia kwanza ni kwamba kipimo kikubwa kimeletwa na ugonjwa mkubwa. Si lazima. Wakati mwingine kipimo hicho huagizwa ili kuuondoa ugonjwa fulani kwenye orodha ya wanaoshukiwa. Wakati mwingine, tuseme ukweli, huagizwa mapema mno, kabla vipimo rahisi havijafanywa.

Himoglobini imeshapimwa, iko chini. Kuna nini tena cha kutafuta?

Sababu yake. Himoglobini ikiwa chini tunajua damu imepungua, lakini hatujui imekwenda wapi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2024, mtoto wa miezi 6 hadi 23 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu himoglobini yake ikiwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita. Wa miezi 24 hadi 59 ni chini ya 11, wa miaka 5 hadi 11 ni chini ya 11.5, na wa miaka 12 hadi 14 ni chini ya 12. Namba hizi hurekebishwa kwa watoto wanaoishi kwenye miinuko mirefu, ambako hewa ni nyepesi na mwili hulazimika kutengeneza himoglobini zaidi.

Huenda uboho hautengenezi chembe nyekundu za kutosha. Huenda chembe zinavunjika kabla ya kumaliza siku zake 120 hivi. Au damu inavuja mahali, hata kidogo kidogo, kama kwa mtoto mwenye minyoo ya safura. Kumwambia mzazi "mtoto ana upungufu wa damu" na kuishia hapo ni sawa na kumwambia "mtoto ana homa": kweli, lakini bado hajaambiwa anaumwa nini.

Kipimo cha molekuli ni kitu gani hasa?

Vipimo vya kawaida vya damu huhesabu chembe, hupima ukubwa wake, au huangalia umbo lake kwenye hadubini. Kipimo cha molekuli husoma maandishi, yaani DNA ya mtoto mwenyewe au DNA ya kijidudu kilichomwingia.

Chukua selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni iitwayo HBB, inayoelekeza namna ya kuunda sehemu moja ya himoglobini. Mahali fulani mwanzoni mwa jeni hiyo pameandikwa GAG. Kwa mwenye kasoro ya selimundu pameandikwa GTG. Herufi moja tu imebadilika, lakini kwa mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, himoglobini inapoachilia oksijeni hujipanga nyuzi nyuzi na kuivuta chembe nyekundu hadi ikawa kama mundu.

Kuipata herufi hiyo kati ya herufi bilioni 3 si kazi ya macho. Ndipo inapoingia PCR, jina ambalo watu wengi walilizoea wakati wa korona. Mashine hupasha DNA moto hadi nyuzi zake mbili ziachane, huipooza kidogo, kisha kimeng'enya hujenga uzi mpya juu ya kila uzi wa zamani, lakini kwenye kipande kinachotafutwa tu. Nakala 1 inakuwa 2, 2 zinakuwa 4. Mizunguko 30 ikiisha, kwa hesabu ya karatasini, kuna nakala zaidi ya bilioni. Na makala iliyoitambulisha PCR kwa wanasayansi, mwaka 1985 katika jarida la Science, ilihusu kutambua selimundu hiyo hiyo. Kwa hiyo kipimo hiki hakikuazimwa kutoka kwingine kikaletwa kwenye magonjwa ya damu, kilianzia huku.

Kama hakuna herufi moja inayojulikana ya kutafuta, maabara husoma jeni nzima, au jeni nyingi kwa mkupuo. Huko ndiko kwenye kusubiri kwingi, na maswali mengi.

Je, kitaonyesha kama mtoto anakosa madini ya chuma?

Hapana. Ukosefu wa chuma, ambao ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za upungufu wa damu kwa watoto duniani, haujaandikwa kwenye jeni. Huo hutafutwa kwa kupima ferritini, yaani akiba ya chuma. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 asiye na maambukizi, ferritini chini ya maikrogramu 12 kwa lita ni dalili kwamba akiba imeisha. Akiwa na maambukizi, ferritini hupanda hata kama chuma hakipo, hivyo kwa umri huo kiwango cha kushuku husogezwa hadi 30.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona karatasi za kuomba uchunguzi wa jeni ambazo hazina ferritini, hazina hesabu ya chembe changa (chembe nyekundu mpya zilizotoka tu kwenye uboho), na hakuna aliyeitazama damu kwenye hadubini. Hapo ni kuruka ngazi. Kipimo cha jeni hujibu swali lililoulizwa na hakiendi hatua zaidi. Kama swali halijachongwa na vipimo vya kwanza, jibu litakuja limenyooka lakini halina kazi.

Basi ni mtoto gani anayekihitaji?

Wapo wa aina nyingi, nitataja wale ninaokutana nao zaidi.

Yupo aliyepewa dawa ya chuma miezi miwili mitatu, kweli ameinywa, na himoglobini haikusogea. Yupo mwenye macho ya manjano yanayokuja na kuondoka, au bandama iliyovimba bila maelezo. Yupo mchanga wa chini ya miezi sita: damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni mwa mama, hivyo talasemia beta, ugonjwa wa kurithi unaofanya himoglobini itengenezwe pungufu, inaweza kujificha hadi himoglobini ya ukubwani ichukue nafasi. Kwa huyo, kusoma jeni hakusubiri miezi ipite.

Yupo aliyeongezewa damu kabla sababu haijatafutwa. Wapo pia wachache ambao uboho wao wenyewe umezaliwa na kasoro. Mtoto anayepauka tangu mwaka wake wa kwanza, chembe changa zikiwa chache mno ilhali chembe nyeupe ziko sawa, hushukiwa ugonjwa wa Diamond-Blackfan. Takriban robo ya wenye ugonjwa huo hukutwa na kasoro kwenye jeni ya RPS19. Mtoto mfupi kuliko wenzake, mwenye kasoro ya dole gumba au mabaka ya kahawia, na ambaye chembe zake za aina zote zinapungua, hushukiwa anemia ya Fanconi. Kwa Fanconi kipimo kinachotangulia huwa cha kuangalia jinsi kromosomu zinavyokatika zikiwekewa kemikali fulani. Jeni husomwa baadaye ili kujua ni ipi, maana ziko zaidi ya 20.

Kuna wasiokihitaji. Mtoto mwenye chembe nyekundu za mviringo kama mpira, ambaye baba au mama yake anao ugonjwa huo huo na vipimo vya kawaida vinakubaliana, mara nyingi ameshajulikana ana nini. Kusoma jeni kwa huyo hakumwongezei kitu.

Mwanangu aliongezewa damu wiki tatu zilizopita. Tukipima sasa, si tutapima damu ya mtu mwingine?

Swali zuri kuliko yote. Kwa vipimo vinavyoangalia himoglobini yenyewe, hofu yako ni ya haki. Mtoto wa selimundu akishaongezewa damu, ndani yake kuna chembe zake na chembe za mchangiaji, na kipimo kinaweza kuonyesha mchanganyiko unaofanana na wa mbebaji tu, yaani aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja na kwa kawaida haumwi. Ndiyo maana huambiwa asubiri hadi miezi mitatu, chembe za kuazima ziishe.

Kipimo cha jeni kinakwepa mtego huo. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina DNA ya kusomwa. DNA hutoka kwenye chembe nyeupe, na hizo karibu zote ni za mtoto mwenyewe. Za mchangiaji huwa chache na hazikai. Hata hivyo maabara inataka kujua. Kwenye fomu kuna kisanduku kidogo kinachouliza tarehe ya mwisho ya kuongezewa damu, na mara nyingi hutufikia kikiwa wazi. Mkumbushe anayejaza.

Aliyepandikizwa uboho ni habari nyingine. Chembe nyeupe zake sasa ni za mchangiaji, hivyo ukisoma damu yake unamsoma mtu mwingine kabisa. Kwa huyo hutumika seli za ngozi.

Chembe za mwanangu ni ndogo, chuma kiko sawa, na kipimo cha aina za himoglobini ni cha kawaida. Daktari anasema "huenda ni talasemia alfa". Huenda?

Nikueleze kwa namba, maana hapa ndipo wazazi wengi huzungushwa. Tuseme mtoto wa miaka mitatu ana himoglobini 10.2. Ukubwa wa chembe zake ni femtolita 64, ambao ni mdogo, lakini idadi yake ni milioni 5.6 kwa kila maikrolita, ambayo ni kubwa. Mwili unaokosa chuma hutengeneza chembe ndogo na chache. Huyu anatengeneza ndogo na nyingi. Gawanya 64 kwa 5.6, unapata kama 11.4. Madaktari wana kanuni ya zamani: ikiwa chini ya 13, shuku talasemia, ikizidi, shuku chuma. Ni kanuni ya kuanzia tu, kwani mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Mbebaji wa talasemia beta huwa na himoglobini A2 iliyopanda, hivyo kipimo cha aina za himoglobini humnasa. Mbebaji wa talasemia alfa, akishavuka uchanga, kipimo hicho humpita bila kumwona. Tuna jeni nne za alfa, mbili kwa kila kromosomu ya 16. Ikikosekana moja, mtoto hana dalili. Zikikosekana mbili, chembe huwa ndogo na upungufu ni mdogo. Zikikosekana tatu ni ugonjwa wa himoglobini H, unaohitaji kliniki. Zikikosekana zote nne, mimba hupata hatari kubwa na kwa kawaida kichanga hakiishi bila matibabu tangu akiwa tumboni.

Kwa kuwa mara nyingi tatizo ni kipande kilichokatika na kupotea, maabara huweka vianzishi vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA ambapo kunakili huanzia, pande mbili za mkatiko. Kama kipande kimetoka, pande hizo husogeleana na nakala hupatikana. Ndiyo njia ya kulifuta neno "huenda". Na kwa mtoto anayekosa jeni mbili, faida kubwa ni kwamba anaacha kunyweshwa chuma asichokihitaji mwaka hadi mwaka.

G6PD ilipimwa siku aliyokojoa mkojo mweusi, ikaonekana nzuri. Kwa nini tunaambiwa turudie?

Kwa sababu siku ile ilikuwa mbaya kwa kipimo kile. G6PD ni kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu. Mtoto anayekikosa anaweza kuishi vizuri hadi akutane na kichochezi: dawa kama primakwini au dapsoni, maharage ya fava, vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu kabatini, au maambukizi tu. Chembe kuukuu, ambazo kimeng'enya kimeziishia, huvunjika kwanza. Zinazobaki ni changa, na chembe changa zina kimeng'enya kingi kuliko kuukuu. Ukipima hapo unapima walionusurika.

Jeni haibadiliki kwa sababu mtoto anaumwa, hivyo kipimo cha molekuli kinaweza kufanywa siku ile ile. Jeni hii iko kwenye kromosomu X. Mvulana anayo moja, hivyo majibu yake hunyooka. Msichana anazo mbili, na mwenye moja mbovu anaweza kuwa na kimeng'enya cha kutosha, kidogo, au cha katikati. Kwake kipimo cha jeni hueleza kile ambacho kipimo cha kimeng'enya kinababaika nacho. Tahadhari yake ni hii: kasoro za G6PD zinazojulikana ni mamia, na maabara nyingi hutafuta chache zilizo za kawaida.

PCR inaweza kutafuta malaria au minyoo pia?

Inaweza. Katika mazingira ya kawaida hadubini huanza kukosa vimelea vya malaria vikiwa chini ya 50 hivi kwa maikrolita; PCR huviona hata vikiwa vichache zaidi ya hapo. Pia huviona vile vilivyopoteza jeni ya protini ambayo vipimo vingi vya haraka hutegemea kuinasa. Lakini kuona DNA ya kimelea si sawa na kuona sababu ya upungufu wa damu. Penye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache na bado damu yake ikawa imepungua kwa jambo jingine. Kwa mtoto mwenye homa leo, hadubini au kipimo cha haraka ndicho cha kukimbilia.

Kijidudu kimoja kinastahili kutajwa peke yake: parvovirusi B19. Hushambulia zile seli za uboho zinazozaa chembe nyekundu. Mtoto mwenye chembe zinazoishi siku nyingi huenda asitambue. Mwenye selimundu, ambaye chembe zake huishi siku chache tu, himoglobini yake inaweza kuporomoka ndani ya siku kadhaa. PCR ya damu huthibitisha.

Wanachukua damu kiasi gani? Tayari anayo kidogo!

Kwa kawaida mililita 1 hadi 3. Mtoto wa kilo 10 ana damu mililita 700 hadi 800 hivi, kwa hiyo hata mwenye upungufu hatikisiki kwa kiasi hicho. Kwa wachanga, matone machache ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu yanatosha kwa vipimo vingi.

Angalia rangi ya kifuniko cha chupa. Zambarau ndiyo sahihi kwa kawaida. Ya kijani mara nyingi ina heparini, na heparini huizuia PCR. Sampuli inaweza kukataliwa na mtoto akachomwa tena bure.

Majibu huchukua muda gani?

Kutafuta badiliko moja ni kazi ya saa kadhaa mashineni. Siku zinazoongezeka ni za usafiri na foleni. Kusoma jeni nyingi huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi.

Majibu yanasema hakuna kasoro iliyoonekana. Tushukuru tuondoke?

Kwanza uliza: walitafuta nini? "Haikuonekana" maana yake haikuonekana mahali palipotazamwa. Talasemia beta ina kasoro zaidi ya 300 zinazojulikana, na kipimo cha kasoro 20 kinaweza kumpita mwenye ya 21. Kusoma herufi pia kunaweza kukosa kipande kizima kilichokatika. Kama dalili bado zipo, mtoto ndiye wa kuaminiwa, si karatasi.

Na hii "badiliko lenye maana isiyojulikana"?

Maabara hupanga mabadiliko katika madaraja matano, kuanzia lisilo na madhara hadi linalosababisha ugonjwa. Hili ni la katikati. Limeonekana, ila ushahidi hautoshi kulilaumu wala kulisafisha. Lisitumike kumpa mtoto jina la ugonjwa wala kuamua matibabu mazito. Kinachosaidia ni kupima wazazi. Badiliko likikutwa kwa baba mwenye afya njema, na ugonjwa unaoshukiwa ni ule unaotokea kwa kurithi nakala moja tu mbovu ya jeni, mashaka hupungua sana. Rudi uulize tena baada ya mwaka au miwili, maana madaraja hubadilika ushahidi ukiongezeka.

Sisi wazazi tupimwe? Na ndugu zake?

Kwa selimundu na talasemia, wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa kwa kila mimba. Kila mimba, narudia. Aliyezaliwa mgonjwa hawalipii deni wanaomfuata.

Ndugu wanaopauka au kuumwa wapimwe. Ndugu mwenye afya anayetakiwa kuchangia uboho apimwe bila mjadala, hasa kwa Fanconi, kwa kuwa anaweza kuwa na ugonjwa huo huo uliolala. Kumpima mtoto asiyeumwa ili tu kujua kama ni mbebaji ni suala jingine: madaktari wengi hupendelea kumwachia aamue akikua.

Jambo moja huongelewa kwa kunong'ona, nami nitalisema wazi. Kupima familia kunaweza kufichua kwamba baba wa nyumbani si baba wa damu. Ulizeni kabla damu haijatolewa: mkikuta jambo kama hilo, mtalifanyaje, na mtamwambia nani? Mshauri mzuri atakuwa na jibu tayari.

Yakishajulikana, matibabu hubadilika kweli?

Inategemea. Kwa mbebaji wa alfa, mabadiliko ni kuacha dawa ya chuma. Kwa mwenye kasoro ya jeni ya TMPRSS6, ambaye utumbo wake haupokei chuma cha kumeza ipasavyo, chuma hupitia mshipani. Baadhi ya wenye kasoro ya jeni ya ALAS2 hupata nafuu kwa vitamini B6. Wengi wa Diamond-Blackfan hujaribiwa kwa dawa za steroidi kabla ya kuzoeshwa kuongezewa damu. Mwenye Fanconi anayekwenda kupandikizwa uboho lazima apunguziwe dawa za kumwandaa. Kipimo cha dawa cha mtoto mwingine kinaweza kumuua.

Kwa selimundu, kuanza mapema ndiyo faida: penisilini ya kinga, chanjo, na dawa ya haidroksiyurea. Matibabu ya kuhariri jeni yaliidhinishwa mwishoni mwa 2023 nchini Uingereza na Marekani kwa walio na miaka 12 na zaidi, na yanapitia hospitali chache mno.

Wakati tunasubiri majibu, nini kinitoe nyumbani usiku?

Kupumua haraka au kwa shida akiwa ametulia. Kukataa kunyonya au kula kabisa. Usingizi usioamshika vizuri. Viganja na midomo iliyokuwa na rangi jana, leo myeupe. Mkojo wa rangi ya chai nzito. Homa kwa mtoto anayeshukiwa selimundu, hata kama bado anacheza.

Na bandama. Mwombe muuguzi akuonyeshe: mtoto amelala chali, magoti yamekunjwa, vidole vyako vinaanzia chini kushoto mwa tumbo na kupanda polepole kuelekea mbavu hadi viguse ukingo mgumu. Mpime akiwa mzima ili ujue ukingo wake wa kawaida uko wapi, uweke alama ndogo ya kalamu kwenye ngozi. Siku ukiukuta umeshuka vidole viwili chini ya alama na mtoto amepauka, usisubiri kuche.